Picha mbovu za angani

Mpwa wangu hunitumia picha za anga karibu kila usiku. Nyingi ni za darubini ya James Webb, ile iliyorushwa 25 Desemba 2021 na ambayo sasa iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo. Mawingu ya gesi na vumbi yenye rangi ya kutu, nyota zimemwagika kila upande. Nazitazama, nasema mashallah, napita. Zinazonikalisha ni zile mbovu.

Huenda ni kazi niliyoifanya. Ujanani nilishika chumba cha giza cha studio moja hapa Ngamiani, enzi za mkanda wa filamu, kabla simu hazijatufungisha duka. Wateja walitaka pasipoti saizi na picha za harusi. Mimi nilikuwa ndani na taa nyekundu, trei za dawa za kusafishia picha na harufu ya siki isiyotoka kwenye shati. Aliyewahi kusafisha mkanda kwa mkono wake anajua picha haiji hivi hivi. Kuna dakika za kuhesabu, kuna maji ya kusuuzia, kuna vumbi, na kwa joto la Tanga la mwezi wa pili dawa inakuharibia kazi huku unaiangalia.

Basi fikirieni Luna 3 ya Wasovieti. Oktoba 1959 ilipita nyuma ya Mwezi, upande ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona, ikapiga picha 29. Kwa mkanda! Mkanda ukasafishwa na kukaushwa humo humo ndani ya chombo, bila fundi, kisha ukamulikwa na kusomwa mstari kwa mstari, picha ikatumwa Duniani kwa mawimbi ya redio. Zilizofika zina ukungu na michirizi, mtoto wa leo angezifuta. Mimi kila nikizitazama nawaza tu dawa ile ilitulia vipi mahali ambapo kitu hakina uzito.

Lakini nikilazimishwa kuchagua moja, nitachukua ya Mariner 4. Julai 1965 chombo hicho cha Marekani kilipita karibu na Mirihi na kurudisha picha 21 na kipande cha nyingine. Kila picha ilikuwa nukta 200 kwa 200, na kila nukta ni namba kati ya 0 na 63, kuonyesha mwanga na giza. Namba hizo zilikuja kwa mwendo wa kinyonga, hata picha moja ikachukua zaidi ya saa nane kufika. Kule California mafundi walishindwa kuingoja kompyuta. Wakachapa namba kwenye karatasi nyembamba ndefu, wakazibandika pamoja, wakanunua chaki za rangi dukani, wakaanza kupaka namba moja baada ya nyingine: kahawia, njano, nyekundu. Kwa hiyo picha ya kwanza ya Mirihi iliyopigwa kwa karibu ilionekana kwanza kama mchoro wa mkono. Waliitia fremu.

Nilimsimulia mpwa wangu, akaruka.

“Kumbe! Hata hizi za Webb nasikia zinapakwa rangi. Mjomba, si wanatudanganya?”

Nikamwambia Webb inakusanya hasa miale ambayo jicho halioni. Bila kuipa rangi hakuna cha kutazama. Na haipakwi ovyo: mawimbi marefu hupewa nyekundu, mafupi hupewa buluu, ya katikati hufuata kwa mpangilio huo huo. Akasema kupaka ni kupaka tu. Sikubishana sana, ila uongo wa picha naujua. Studio tulikuwa tunaweka penseli kwenye negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, kumng’arisha bi harusi uso, kwa sababu mama yake amesimama mlangoni na ndiye mwenye hela. Ule ndio uongo.

Ya chombo cha Marekani Voyager 1, ya 14 Februari 1990, nitaipitia haraka kwa kuwa kila mtu ameshaisema: kutoka kilomita bilioni 6, Dunia haijazi hata nukta moja ya picha.

Na ile ya shimo jeusi, mahali penye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, katika galaksi ya M87, iliyotolewa 10 Aprili 2019. Pete ya machungwa yenye ukungu. Kijana mmoja barazani alisema simu yake ya batani ingepiga vizuri zaidi. Shimo lenyewe liko umbali wa miaka ya nuru milioni 55! Darubini nane, kuanzia Hawaii na Chile hadi Ncha ya Kusini, zilifanya kazi kwa pamoja Aprili 2017, na data zilikuwa nyingi mno kupita kwenye intaneti. Diski zikapakiwa kwenye ndege. Zile za Ncha ya Kusini zilingoja miezi kadhaa hadi baridi ipungue na ndege ziweze kuruka. Wenye haraka ya kupokea picha zao za pasipoti mngekufa.

Sasa mpwa wangu, anayejua kompyuta, ameichukua picha ya Kisiwa cha Toten niliyoipiga kutoka bustani ya Jamhuri, akaigeuza kuwa namba, 0 hadi 63, nukta 50 kwa 50. Karatasi ziko mezani. Mimi nataka bahari iwe kahawia kama Mirihi, yeye anasema bahari ni buluu na hakuna mjadala. Chaki ninazo mimi.