Siku moja maishani mwangu: kutoka duka la vipuri hadi mafundisho ya jioni Kangemi

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshaamka. Mke wangu na mtoto bado wamelala, na baridi ya Kinoo wakati huu si ya mchezo, lakini saa hii ya kusoma maandiko ni desturi niliyorudi nayo kutoka misheni nchini Uganda, na sikubali kuipoteza. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake watu wengi hapa Nairobi huwaita Wamormoni, mvulana hutumikia kwa miezi 24 na msichana kwa miezi 18, bila mshahara, mahali ambapo hakujichagulia. Wito hutoka makao makuu, Salt Lake City, ukitaja nchi, nawe unafunga mizigo. Leo nimesoma mlango wa 18 wa Mosia katika Kitabu cha Mormoni, maandiko tunayoyasoma pamoja na Biblia, ambapo nabii Alma anawaeleza wasikilizaji wake kwamba anayebatizwa anakubali kubeba mizigo ya wenzake na kuomboleza pamoja na wanaoomboleza. Nimeusoma polepole kwa sababu jioni nina miadi na familia ambayo mzigo wake unahitaji mikono ya wengi.

Saa moja kasorobo niko ndani ya matatu kwenye Waiyaki Way. Tunapita eneo la Mountain View, lilipo Hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. Kabla ya hapo, wanandoa wa Kenya waliotaka kuunganishwa hekaluni, yaani kufungishwa ndoa ya milele, walisafiri hadi Johannesburg, na wapo wazee ninaowafahamu waliouza ng'ombe ili wapate nauli.

Saa mbili tunafungua duka la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga. Mteja wa kwanza wa maana ni fundi wa gereji anayetaka pedi za breki. Bei ni shilingi 3,200, lakini anaomba risiti iandikwe 4,500 ili mwenye gari alipe zaidi na tofauti ibaki mfukoni mwake. Hiyo ndiyo cha juu, na katika biashara yetu imezoeleka kiasi kwamba anayeikataa huonekana mtu wa ajabu. Namweleza kwa heshima kwamba nitaandika bei aliyolipa. Ananitazama, anarudisha pedi juu ya kaunta, kisha anavuka barabara kwenda duka la jirani. Sitadai kwamba msimamo huu umetuletea faida, kwa maana wateja wa namna hii tumewapoteza wengi. Mwajiri wangu, ambaye si muumini wa kanisa letu, ananivumilia kwa sababu hesabu za jioni hazijawahi kumkosesha usingizi. Miongoni mwa maswali ambayo askofu, kiongozi wa usharika wetu, humuuliza anayetaka kuingia hekaluni ni kama anajitahidi kuwa mwaminifu katika kila jambo, na mimi sijui namna ya kulijibu swali hilo Jumapili ikiwa Jumatano nimeandika risiti ya uongo.

Saa nne chai inaletwa, na hapa ni lazima nikae kidogo. Neno la Hekima, ufunuo ambao Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa letu, aliupokea mwaka 1833, hutukataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Katika nchi ambayo mgeni hajahesabiwa kuwa amekaribishwa mpaka amimiwe chai ya maziwa, amri hii humgusa mwongofu mpya kuliko mahubiri yoyote. Mama yangu aliukubali ubatizo wangu bila maneno mengi, lakini nilipokiacha kikombe chake mezani aliinuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka nilipomfuata. Alidhani nimemkataa yeye. Ilichukua muda mrefu, na ziara nyingi ambazo nilikwenda mapema kumchotea maji na kumpasulia kuni, kabla hajaamini kwamba mwanawe bado ni wake. Siku hizi huniwekea kopo la kakao ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Naamini kwamba yeyote anayefundisha Neno la Hekima hapa kwetu bila kumwandaa mwongofu kwa ajili ya mama yake hajamaliza kazi yake. Dukani mambo ni mepesi, kwa kuwa mwenzangu mmoja ni Msabato ambaye pia haonji chai, basi mama muuza chai hutubebea sisi wawili uji wa wimbi.

Tukiwa tunakunywa uji, kijana mgeni wa dukani ananiuliza ninawezaje kukaa katika kanisa lililowanyima watu weusi ukuhani. Ni swali la haki. Namjibu kwamba ni kweli, hali ilikuwa hivyo kwa zaidi ya karne moja hadi Juni 1978, wakati Spencer W. Kimball alipokuwa Rais wa Kanisa, na kwamba historia hiyo huniuma. Kisha namweleza kuhusu Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, aliyekuwa rais wa kwanza wa kigingi cha Nairobi, yaani muungano wa sharika kadhaa, mwaka 2001 na akaitwa kuwa Kiongozi Mkuu mwenye Mamlaka, mmoja wa viongozi wa Kanisa lote duniani, mwaka 2009. Anaondoka bila kusema kama ameridhika, na sikumlazimisha.

Mchana unakwenda na mauzo ya kawaida. Saa tisa napata ujumbe kutoka Jinja, Uganda, kwa mwanamume tuliyemfundisha mimi na mmisionari mwenzangu wakati wa misheni. Alibatizwa, akahudhuria kwa muda, kisha akaacha. Lakini waragi, ile pombe kali ya Uganda, hajairudia, na leo ananiarifu kwamba binti yake amefaulu mtihani. Wapo watakaosema kwamba kazi yetu kwake ilipotea. Siwezi kukubaliana nao nikikumbuka nyumba ile tulivyoikuta.

Saa kumi na mbili nakutana Kangemi na wamisionari wawili, mmoja wa Utah, mwingine wa Madagaska. Familia tunayoitembelea imeishi pamoja miaka mingi na ina watoto watatu, lakini hawajafunga ndoa, na Kanisa halimbatizi anayeishi na mwenzake kama mume na mke kabla hawajaoana kisheria. Baba analisema wazi linalomkwaza.

"Ndugu yangu, nikitia sahihi kwa msajili kabla ya kupeleka mahari, wakwe zangu kule Vihiga watasema nimewaibia binti yao."

Mmisionari wa Utah ananigeukia, kwa kuwa kwao hakuna jambo la namna hii, na kwa kweli ndiyo sababu ya kuandamana nao. Naeleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila na kutaka isajiliwe, na kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa hiyo, kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha mbele ya sheria. Ng'ombe waliobaki wanaweza kufuata kadiri wazee watakavyoelewana. Mama wa nyumba, ambaye muda wote alikuwa akichambua sukuma wiki bila kuinua macho, anakiweka kisu chini.

"Miaka yote hii nimekuwa nikingoja mtu aniulize kama nataka kuolewa," anasema. "Nataka. Hata nisipobatizwa, nataka."

Mume wake ananyamaza kwa muda, kisha anauliza ni nani atakayefuatana naye kwa wakwe, kwa maana baba yake alifariki na kaka zake hawasikilizani. Mmisionari wa Madagaska anasoma ile aya ya Mosia kuhusu kubeba mizigo, kabla sijaitaja, na tunaomba pamoja.

Saa tatu usiku niko nyumbani, nimempigia askofu, naye amekubali kwenda Vihiga kama mzee wa upande wa bwana harusi, mwisho wa mwezi. Mke wangu anauliza nani atakaa dukani Jumamosi hiyo. Namwambia kwamba kesho asubuhi, kabla hatujafungua, nitamwomba mwajiri ruhusa, na kama itanibidi kukatwa mshahara wa siku, nitakubali.