Daftari la gereji

Gereji yangu iko Mwanga, hapa Kigoma, juu huku, na barabara ya kushuka stesheni ya reli inaanzia karibu mlangoni kwangu. Lori likiachia breki hapa, linasimama kwa kugonga kitu.

Februari mwaka jana lililetwa lori la saruji linaloelekea bandarini. Dereva alisema breki zinakuja chini mno. Nikafungua ngoma ya breki ya nyuma kushoto: lainingi, ile inayobana ngoma, imeisha, ribiti zinazoishikilia zinakwangua chuma. Mpira wa upepo wa breki nao unavuja, ukikanyaga breki unausikia. Nikampigia mwenye lori.

"Fundi, we kaza tu. Likirudi tutabadilisha."

Kukaza hakuongezi lainingi. Kunasogeza kile kilichobaki karibu na ngoma, basi. Ukishuka na mzigo ngoma inapata moto, inatanuka, inaikimbia lainingi, na lainingi haiifikii. Nilikataa. Nikafunga tairi, nikaandika daftarini tarehe, namba ya gari, "lainingi zimeisha, mpira unavuja, mwenye gari amekataa kubadilisha". Dereva akasaini. Msinisifu: niliandika kwa sababu nilikuwa namdai elfu ishirini ya kufungua. Na sikumwita trafiki. Hilo bado linaniuma.

Kijana akaondoka nalo. Angekataa, kesho usukani ungekuwa na mwingine.

Huko mteremkoni lori likamgonga mama muuza dagaa, akavunjika mguu sehemu mbili. Dereva akawekwa ndani, mwenye lori akawaambia watu kijana alikuwa anakimbiza. Mtaani wengi wakaona kesi imeisha hapo: dereva kakamatwa, mama apewe pole.

Mpwa wa yule mama akampata wakili, wakaja gerejini. Wakili akanieleza taratibu, kama anafundisha mtoto. Kesi ya dereva ni jinai. Hata akilipa faini, hela hiyo inakwenda serikalini, mama haoni hata mia. Fidia ni kesi ya madai, na anayedaiwa kwanza ni mwenye lori, maana dereva alikuwa kwenye kazi yake. Bima ya mtu wa tatu ipo kwa ajili ya watu kama mama huyu. Juu ya hapo, mwenye lori alijua breki ni mbovu akaliruhusu lipakie. Dereva naye hachomoki, alijua pia. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wanayo, ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi wanaifuatilia, na muda wa kufungua madai ni miaka 3 tu tangu ajali.

"Na mimi?" nikauliza.

"Ungekaza ukampa funguo, ungekaa nao benchi moja."

Wakaupiga picha ukurasa wangu, wenye alama ya grisi na yote.

Jana usiku mwenye lori kanipigia, sauti ya upole kabisa. Anataka kulipa ile elfu ishirini, na kama daftari bado lipo anaomba alione. Nimemwambia aje alipe. Risiti nitamwandikia, na tarehe nitaiweka.