Jinsi tulivyopata kitabu cha takwimu kwa darasa zima

Mkutubi yeyote wa chuo kikuu anaijua wiki ya pili ya muhula. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameshapewa mwongozo wa kozi, wameliona jina la kitabu, na sasa wanakuja dawatini mmoja baada ya mwingine: "Shikamoo madam, kile kitabu cha takwimu kimerudi?" Kwetu nakala zilikuwa chache mno kwa darasa la mamia, kwa hiyo tuliziazimisha kwa saa mbili, tena humo humo maktabani. Aliyekosa alirudi kwenye desa: slaidi za mhadhiri, maswali ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) za nyuma, na kopi ya kopi ambayo majedwali yake hayasomeki. Takwimu bila jedwali linalosomeka ni mateso. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakifeli somo hili kwa sababu hawajawahi kukaa nalo usiku mmoja chumbani kwao.

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye rasilimali huria za elimu. Ni vitabu, mazoezi, video na moduli ambazo wenyewe wamezitoa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzinakili, kuzibadilisha na kuzisambaza bila kuomba ruhusa upya. UNESCO ilianza kuzizungumzia kwa jina hilo mwaka 2002, na Novemba 2019 nchi wanachama zilipitisha Pendekezo la kuzitaka serikali ziziendeleze. Afrika nayo imechangia: TESSA, mpango wa mafunzo ya walimu ulioanza 2005, una moduli kwa Kiswahili, na Siyavula ya Afrika Kusini imetoa vitabu vya hisabati na sayansi vya sekondari kwa leseni huria.

Vitabu vipo, basi. Kinachokosekana vyuoni ni mtu wa kuvifikisha hadi kwenye kozi, na ninaamini mtu huyo ni mkutubi.

Niliamua kutoanza na semina. Mhadhiri mwenye vipindi vingi na rundo la mitihani ya kusahihisha hawezi kutoka kwenye wasilisho la saa moja akaenda mwenyewe kutafuta kitabu kati ya maelfu. Kutafuta, kulinganisha na kupanga ndiyo kazi niliyosomea. Nikaomba miongozo ya kozi kutoka idara mbalimbali, nikaipanga kwa wingi wa wanafunzi na uhaba wa nakala. Takwimu ikaja juu, maana wanaisoma watu wa biashara, elimu, kilimo na sosholojia.

Nikachagua Introductory Statistics cha Barbara Illowsky na Susan Dean wa De Anza College, California, kilichochapishwa na OpenStax, ambayo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rice. Kina sura 13. Nilitengeneza jedwali: upande mmoja wiki za muhula wetu, upande wa pili sura na kurasa zinazolingana nazo. Wiki ya kupima nadharia tete, yaani dhana inayojaribiwa kwa data, iliangukia sura ya 9, na uwezekano sura ya 3. Fahirisi za bei, yaani vipimo vya kupanda na kushuka kwa bei, ambazo sisi tunazifundisha wiki nzima, sikuzikuta. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Haimo." Naona jedwali lile lilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote, na neno hilo jekundu hasa. Mhadhiri akiona umemwonyesha pengo kabla hajaligundua mwenyewe, anaamini na yale mengine uliyomwambia.

Mhadhiri wa kozi hakukubali papo hapo. "Dada, cha bure hicho kitakuwa na kiwango kweli?" Sikubishana naye. Nilimwachia vitabu viwili mezani, kile cha zamani na hiki kipya, vyote vimefunguliwa kwenye kupima nadharia tete, nikamwomba asome kama anayeandaa kipindi cha kesho. Aliporudi maktabani hakuwa na neno juu ya kiwango. Alikuwa na malalamiko mengine: sura ya 2 ina zoezi la uzito wa wachezaji wa San Francisco 49ers, kwa paundi.

"Wanafunzi wangu timu hiyo hawaijui, na hizo paundi watazifanyia nini?"

"Basi libadilishe, Dokta. Leseni inakuruhusu."

Alinitazama kwa muda. Amefundisha miaka mingi kwa vitabu ambavyo ukigusa ukurasa umevunja hakimiliki, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kuingia ndani ya kitabu cha kozi akakitengeneza. Mimi nadhani hapo ndipo ilipo thamani ya vitabu huria, kuliko hata kwenye bei. Toleo tulilotumia lina leseni ya CC BY, moja ya leseni huria za Creative Commons (CC), yaani sharti kubwa ni kuwataja waandishi, chanzo na leseni, na kueleza ulichobadilisha. Akaliondoa zoezi la wachezaji, akaweka la Sensa ya Tanzania ya 2022: watu 61,741,120, wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na maswali juu ya tofauti za mikoa. Kisha akaandika mwenyewe sehemu ya fahirisi za bei kwa kutumia bei za mahindi, mchele na mafuta ya kula. Pengo langu jekundu likazibwa na mtu anayejua wanafunzi wake wanakwama wapi. Mimi niliandaa ukurasa wa mbele: nani waandishi, nini kimeongezwa, nani kakiongeza, na kwamba waandishi wa awali hawahusiki na mabadiliko yetu.

Kukipeleka kwa wanafunzi kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Kitabu kilikaa kwenye seva ya chuo, hivyo aliye kampasi anakipakua kwa waifai bila kula bando lake. Asiye na simu nzuri anakuja na flashi. Nilikiingiza pia kwenye katalogi kama kitabu kingine chochote, kwa namba ya uainishaji. Wenzangu wa maktaba, msiliruke hili. Kitabu huria kikiwekwa kwenye ukurasa wake wa pembeni kinaonekana cha daraja la pili, na hakuna anayekikuta akitafuta mada.

Wengi walitaka karatasi, na hapo ndipo maswali ya leseni yalipokuwa mazito. Jamaa mwenye stesheni (duka la kuchapa na kutoa kopi) nje ya geti alikuja kuniuliza kama anaruhusiwa kukichapa na kukiuza. Kwa CC BY jibu ni ndiyo, mradi ukurasa ule wa mbele usitolewe. Lakini kitabu cha kalkulasi cha OpenStax hao hao kina leseni ya CC BY-NC-SA, inayokataza matumizi ya kibiashara. Mwanafunzi akipeleka faili lake atolewe kopi yake, sioni tatizo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua hivyo katika kesi ya Great Minds dhidi ya FedEx Office, kwamba duka linaloendesha mashine kwa niaba ya shule halivunji sharti hilo hata likilipwa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila hoja yake inaeleweka. Kuchapa rundo na kulipanga rafuni kwa faida ni jambo jingine, na nilimweleza hivyo. Alinielewa vizuri, akabandika kikaratasi dukani.

Mhadhiri wa hisabati naye alitaka kuchanganya kalkulasi hiyo na sehemu za Wikipedia. Wikipedia inatumia CC BY-SA, na leseni hizi mbili kila moja inadai kazi mpya ibebe leseni yake. Haziwezi kuoana. Tulikubaliana aandike maelezo yake mwenyewe, na Wikipedia awape wanafunzi kiungo tu. Ndiyo maana nasema kazi hii inahitaji mkutubi: mtu wa kusoma leseni kabla ya kazi kuanza, siyo baada ya miezi ya jasho.

Tangu hapo swali la dawatini limebadilika. Wanauliza sehemu fulani ya sura ya 8, wanauliza kwa nini jibu lao la zoezi halilingani na la mwishoni mwa sura. Kwangu hayo ni maswali ya mtu mwenye kitabu mkononi.

Kilichobaki ni cha utawala, na ninakipigania waziwazi. Mhadhiri aliyeirekebisha takwimu yetu alitoa jioni zake nyingi, na utaratibu wa kupandishwa cheo haumhesabii chochote kwa kazi hiyo. Tumeandaa pendekezo kwa kamati ya taaluma kwamba kitabu huria kilichorekebishwa na kupitiwa na wenzake wa idara kihesabiwe kama andiko la kufundishia. Wakati tunasubiri jibu, nimeshaanza jedwali la somo la uchumi mdogo (microeconomics). Kwenye kodi na ruzuku za kilimo nimeshaandika "Haimo" mara kadhaa, na wahadhiri wawili wamejitolea kuandika sehemu hizo.