Ijumaa yangu kwenye benchi la kituo cha polisi

Saa kumi na nusu alfajiri. Naangalia magurudumu na taa za matatu, natia mafuta. Makanga, konda wangu, amelala kiti cha nyuma, honi yamwamsha. Tripu ya kwanza kutoka Mtwapa hadi mjini Mombasa hujaa yenyewe.

Saa mbili na robo, Bamburi. Mama mwenye gunia la nazi ananipungia mkono, nasimama pasipo stendi. Kosa ni langu, sikatai. Afande atokea nyuma ya lori, apanda mbele: "Dereva, twende kituoni." Makanga arudisha nauli huku akitukanwa kwa niaba yangu.

Saa tatu kasorobo. Funguo na simu vyachukuliwa, naonyeshwa benchi. Nauliza nimeshikwa kwa kosa gani. Si ujeuri: Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mtu aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Najibiwa, "Ngoja."

Nangoja.

Saa sita na nusu, adhana. Konstebo anipitia akicheka: "Tuna masaa ishirini na nne na wewe. Na leo ni Ijumaa."

Huku barabarani Ijumaa inaogopwa kuliko kamera ya mwendo. Ukishikwa leo, masaa 24 yanaishia Jumamosi, korti imefungwa, basi Katiba inawapa polisi hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu. Wanalolisahau, na madereva wengi pia, ni maneno yaliyotangulia: ufikishwe kortini mapema iwezekanavyo. Masaa 24 ni dari. Wao wameyageuza mkeka. Na kosa la faini tupu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande.

Saa nane na dakika ishirini. Mwenye gari amefika, makanga alimpigia. Mkuu wa kituo naye amerudi kutoka msikitini. Namwambia, "Afande mkubwa, naomba dhamana." Afungua kitabu cha matukio, OB. Jina langu halimo! Aandika sasa, na pembeni aweka saa: nane na ishirini mchana.

Hapo ndipo nikaona ningelala ndani kwa hesabu halali kabisa. Kitabuni, saa yangu ilikuwa haijaanza kuhesabiwa.

"Nilishikwa saa mbili na robo asubuhi, afande. Abiria kumi na wanne waliona."

Kimya. Mwenye gari anikanyaga mguu ninyamaze. Mkuu akata mstari, aandika upya.

Dhamana elfu tano taslimu. Nadai risiti kabla ya funguo.

Saa kumi na moja jioni narudi barabarani. Tripu mbili tu, na hesabu, pesa ya mwenye gari ya kila siku, haikutimia. Hakusema kitu, alizihesabu noti mara mbili. Risiti nimeichomeka juu ya kioo cha mbele. Jumatatu saa tatu niko korti ya Shanzu, na makanga ameshatafuta dereva wa skwadi, wa kunishikia gari siku hiyo.