Mbuzi wa Kipaimara

Nilipata kipaimara mwaka 1994, Korogwe, na kwetu sherehe haikuanza mpaka mzee wa jirani aje kuchinja. Sisi Wakristo, majirani wengi Waislamu, sufuria ni moja. Nani angekubali mgeni ale wali mtupu? Alfajiri akaja na kisu alichokinoa kwake, maana mnyama haonyeshwi makali. Mbuzi akalazwa kuelekea kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, kwenye milima ya Usambara.

Tukangoja bismillahi. Yeye akauliza, "Huyu ni mbuzi wa halali?"

Tukatazamana. Si ndiyo kazi tuliyomwitia?

Baba mdogo akaeleza: kamnunua usiku, barabarani, kwa kijana fulani, bei ya kutupa. Kijana gani? Hamjui. Mzee akainuka, akakizungushia kisu gazeti lake. Baba mdogo akachomoa noti mfukoni, akaisoma kwa sauti: "Halali kwa malipo! Nimelipa fedha hizi, Mzee, sikuiba."

"Hela yako ni halali, mwanangu. Nauliza mbuzi. Kama ana mwenyewe, hata nimsomee bismillahi mpaka jioni, nitakuwa nimewalisha watu wizi. Kisu si sabuni."

Mama alikuwa ameshakuna nazi zote. Hakusema neno, ila alivyomtazama shemeji yake, mimi ningekimbia. Baba akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, sisi wengine tukaenda kanisani. Sikumbuki hata sentensi moja ya mahubiri.

Tuliporudi tulimkuta uani mama mmoja wa Manundu. Usiku ule kamba ya mbuzi wake ilikatwa, na alimtambua kwa sikio lililochanika. Nikajua nyama imeondoka. Lakini mzee akamwambia, "Mama, mbuzi ni wako. Ukimtaka, mchukue, hatukulaumu. Ukiridhia kuuza kwa moyo wako, taja bei."

Yule mama akatazama kuni, masufuria, wageni walioanza kufika na kanga zao mpya, kisha akataja bei. Baba mdogo akashika kichwa. Akajaribu kuomba apunguziwe, mzee akakohoa. Akalipa.

Kisu kikatoka gazetini. Tulikula jua likizama, na mama wa Manundu alikaa jamvini na wenzake, akala vizuri kabisa. Baba mdogo hadi leo anaikumbuka ile bei, na anaapa Korogwe nzima hajauzwa mbuzi ghali kama yule.