Chumba Kwanza, Muguka Baadaye

Aliyewahi kulala nje Mwembe Tayari, Mombasa, anajua kwa nini wengi wetu usiku tulitafuna muguka, yale majani ya kufukuza usingizi. Haikuwa starehe. Ukilala fofofo utaamka huna viatu. Basi nikikesha, mchana nasinzia juu ya mkokoteni pale soko la Marikiti, na hamali anayesinzia haitwi mara ya pili.

Watu wa kamati ya msikiti mmoja waliponijia, nilitarajia sahani ya pilau na nasaha, kama kawaida. Kumbe wamenitafutia chumba Kisauni, nyumba ya Kiswahili, ukumbi mmoja na choo cha kushirikiana. Dipoziti na kodi ya mwanzo walimlipa mwenye nyumba wenyewe, mkononi mwangu haikupita hata shilingi. (Ilinikera, lakini ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo.) Tena wakanidhamini, maana nani angempangisha mtu asiye hata na kitambulisho?

Mzee mmoja wa kamati alipinga: aache muguka kwanza, ndipo apewe ufunguo. Wenzake wakakataa. Baadaye nikaja kusikia kwamba Ufini wameshika njia hiyo tangu 2008: mtu apewe nyumba, mengine atayashughulikia akiwa ndani. Kwangu ilienda hivyo. Mwanzoni nililala na viatu, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Nilipozoea kwamba komeo halifunguki ovyo, nikavivua. Sasa nikeshe nikilinda nini? Muguka ukapungua, na asubuhi nikawa mtu wa kubeba mzigo.

Kisha makaratasi. Bila kitambulisho husajiliwi laini, bila laini huna M-Pesa, na matajiri wa sokoni wanalipa kwa simu. Kijana wa kamati alinisindikiza polisi kuchukua barua ya kupoteza, halafu Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali. Alikuwa akipita Jumamosi kuniuliza nimekula nini na majirani tunaelewanaje. Majirani ndio waliokuwa mtihani: zamu ya kuosha choo, na mama wa chumba cha mbele aliyenitazama kama mwizi hadi siku nilipombebea mitungi yake ya maji.

Msaada wa kodi waliupunguza polepole: yote, nusu, kisha nikabeba mwenyewe. Sasa mwenye nyumba ananidai mimi, si kamati. Mwezi uliopita nilichelewa, akanigongea alfajiri na kunifokea kama mpangaji mwingine yeyote.