Nimerudi nyumbani na kaseti

Saa sita na dakika kumi usiku, ndo nimeingia ndani, masikio bado yanavuma na miguu inawaka moto, maana shifti iliisha saa moja jioni na sikupitia hata nyumbani, nilivaa koti juu ya sare ya kazi nikapanda basi mpaka Womanby Street. Naandika sasa hivi kabla sijalala, kesho nusu yake itakuwa imeshapotea.

Kwa wale msioijua Cardiff, mji mkuu wa Wales, Womanby Street ni kichochoro tu, kinatazamana na ngome ya mji, na ndani yake kuna ukumbi unaitwa Clwb Ifor Bach. Ulianzishwa 1983 na watu wanaosema Kiwelshi waliotaka sehemu yao ya kukaa, kuongea lugha yao na kupiga muziki wao, na miaka ile ya mwanzo kama hujui Kiwelshi uanachama hupati. Jina wamelichukua kwa Ifor Bach, mtu wa milimani huku ambaye mwaka 1158 alipanda ukuta wa hiyo hiyo ngome usiku, akamteka bwana mkubwa wa ndani pamoja na mke na mtoto wake, akaondoka nao. Kila nikipita pale nautazama ule ukuta na urefu wake, nasema huyu mzee alikuwa na roho.

Leo sikwenda kwa ajili ya bendi kubwa iliyoandikwa kwenye tiketi. Nilikwenda kwa ajili ya wale wanaofungua. Hii tabia nimeianza mwaka juzi, nafika mapema wakati ukumbi bado mtupu, kuna watu kama ishirini wamesimama mbali na steji na glasi zao mkononi, na hapo ndo unawaona watu kabla hajawaona mtu yeyote. Leo walikuwa wanne, umri wao sidhani kama unazidi miaka ishirini na mbili, magitaa mawili, besi na drams. Orodha ya nyimbo wameiandika kwa maka nyuma ya boksi la konfleksi lililokatwa, imebandikwa sakafuni kwa selotepu. Mpiga besi kavua kiatu cha kulia ili akanyage vizuri vile vidude vya kubadilisha sauti, na soksi ina tundu kwenye kidole gumba, na alivyokuwa anapiga kile kidole kilikuwa kinahesabu. Mi nilimwangalia kidole wimbo mzima.

Jina lao siwapi leo maana walisema stejini kwamba watalibadilisha kabla singo ya kwanza haijatoka. Nitakuja kuwaambia.

Walipomaliza wakabeba vyombo vyao wenyewe, halafu yule dada wa drams akaja kusimama mezani anauza fulana na kaseti. Ndiyo, kaseti, zile zile za mkanda, bendi ndogo huku wamezirudia maana ni rahisi kuzitoa kuliko santuri. Mikono bado inamtetemeka kwa kupiga, anashindwa kubonyeza namba kwenye kile kimashine cha kadi, akaniuliza ulitusikia wapi? Nikamwambia dada sijawahi kuwasikia, nimewasikia sasa hivi hapa. Akageuka akawaita wenzake, njooni, huyu hatujui kabisa na ananunua! Wakaja wote watatu, mmoja bado hana kiatu. Nikanunua mbili, pauni tano tano. Wakanieleza kwamba wimbo wao wameshaupandisha BBC Introducing, ule mpango wa BBC wa tangu 2007 ambapo msanii yeyote wa Uingereza asiye na lebo anatuma wimbo wake mwenyewe na watangazaji wa eneo lake wanausikiliza, na sasa wanasubiri. Kila siku mmoja wao anaangalia kama umesikilizwa.

Sasa niseme kilichonikaa moyoni kwenye basi wakati narudi.

Tuna grupu la WhatsApp la Watanzania wa huku na jamaa zetu wachache wa Mombasa, tuko 84. Kwa miaka nimekuwa natupa linki mle. Bendi mpya hii, sikilizeni, na kimoto mbele yake. Hamna anayefungua. Nilikuwa naumia, nasema watu hawa hawapendi kitu kipya. Lakini hebu fikiria mgeni wa watu unamfikisha mlangoni kwa jirani, unagonga, halafu unamwacha hapo hapo unaondoka zako. Nani atamfungulia? Mgeni unaingia naye, unasema huyu ni fulani mtoto wa fulani, unakaa naye mpaka chai ije. Mi nilikuwa nagonga na kukimbia.

Basi nikabadilisha. Sikuhizi namtafuta mtu mmoja, naangalia anapenda nini, namtumia wimbo mmoja pamoja na voisi yangu ya dakika moja, namwambia subiri pale gitaa linapoingia.

Wa kwanza alikuwa mjomba wangu wa Tanga. Mjomba ni mtu wa dansi la zamani, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, ukimgusa hapo hamuachani mpaka alfajiri, na muziki wa siku hizi anasema umekosa watu wa kupuliza. Nikamchagulia Kokoroko. Hawa ni vijana wa London, baadhi yao wazazi wao ni wa Afrika Magharibi, kiongozi wao Sheila Maurice-Grey anapuliza tarumbeta, na lebo yao Brownswood ni ya kujitegemea. Mwaka 2018 wimbo wao Abusey Junction ulitoka kwenye mkusanyiko wa wapiga jazi wachanga wa London, dakika saba, unaanza na gitaa tulivu kabisa, halafu matarumbeta yanaingia kama watu wanaotoka msikitini, polepole, hamna anayemkanyaga mwenzake. Siku mbili mjomba kimya. Ya tatu akapiga. Nikasema shikamoo mjomba, akasema marahaba mama, huyu wa gitaa amelelewa na nani? Hakuuliza wa wapi wala umri gani. Nimelelewa na mzee huyu na najua hilo swali kwake lina uzito gani.

Mgumu alikuwa rafiki yangu wa kazini, mtu wa Tabora. Yeye nilimpelekea Adwaith. Ni wadada watatu wa Carmarthen, mji mdogo magharibi ya Wales, wanaimba Kiwelshi na lebo yao Libertino iko hapo hapo kwao. Albamu ya kwanza, Melyn, maana yake njano, iliwapa Tuzo ya Muziki ya Wales 2019, ya pili ikawapa tena 2022, na kabla yao hamna aliyewahi kuichukua mara mbili. Mi mwenyewe niliwajua kupitia bibi mmoja ninayemhudumia kazini, ugonjwa wa kusahau umemwondolea Kiingereza chote, kimebaki Kiwelshi cha utotoni, kwa hiyo chumbani kwake redio ni Radio Cymru, ile ya BBC ya Kiwelshi, kutwa. Siku moja namchana nywele, likapita gitaa la besi zito zito na sauti ya msichana juu yake, bibi akawa anatingisha kichwa chini ya chanuo. Ilibidi nisubiri mtangazaji ataje jina, nikaliandika kiganjani jinsi nilivyolisikia.

Rafiki yangu akasema sasa wanaimba nini hapa, mi sielewi hata neno. Nikamwambia wewe! Wewe ambaye Franco na TPOK Jazz unawaimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho jikoni, hicho Kilingala ulisoma wapi? Sisi tumekua tunacheza maneno tusiyoyajua, kwenye harusi, kwenye ubarikio, mama zetu wanalia kabisa kwa wimbo wasioujua maana, leo wadada wa Carmarthen ndo mpaka watafsiriwe? Akacheka, akaurudia. Wiki ile ile nikamkuta anaupiga mluzi wakati anakunja mashuka.

Na hii lugha yenyewe, sensa ya 2021 ilipata watu kama 538,000 tu Wales wanaoisema. Ni kama sehemu moja ya kumi ya watu wa Dar. Msanii anayechagua kuimbia watu wachache namna hiyo, kila sikio jipya kwake ni jambo.

Watu wanadhani kusikiliza kwao mmoja hakuna maana, kumbe kupo. Tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Nikakaa nikapiga hesabu ya grupu letu: 84 kila mmoja ausikilize mara moja tu kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,008. Peke yetu tunawavusha. Na anayeweza kununua akanunue Bandcamp, duka la mtandaoni la muziki wa wasanii, Ijumaa zile ambazo wenye duka hawakati chao.

Kumbi nazo zinaisha. Mwaka 2023 Music Venue Trust, shirika linalotetea kumbi ndogo za muziki, walihesabu kumbi ndogo 125 Uingereza nzima zilizofungwa au kuacha muziki wa jukwaani. Moles ya Bath, saa moja na kitu kwa treni kutoka hapa, ilikuwepo tangu 1978, Radiohead na Oasis wamepiga pale, Desemba ile ikafunga. Nilikuwa na mpango wa kwenda mwezi wa pili yake. Ndo maana siku hizi nachoka nikiwa nimeenda.

Haya, kaseti. Moja ni yangu na redio ya kuipigia sina, nitatafuta. Ya pili nimeinunua nikijua kabisa inakwenda wapi, kuna mama wa kanisani anasafiri Desemba na atapita Tanga. Nikampigia mjomba hapo hapo kituo cha basi, kwake ilikuwa saa nane na nusu usiku lakini mzee halali mapema, nikamuuliza ile National yako ya kaseti ipo? Akasema ipo, mkanda tu wa ndani umelegea, fundi anao. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, mama, imejaa pande zote mbili au upande mmoja?

Nikafungua kasha chini ya taa ya kituo nikamsomea. Tatu upande wa A, mbili upande wa B.